Mtaka cha Mvunguni

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kutaja kitu kisichotulia. Mgonjwa wa homa hutetemeka, mnazi unaopigwa na kaskazi hutikisika, ngoma hurindima, nyuki huvuma, na uzi wa udi ukiguswa hutetema mpaka sauti yake ikatoweka. Mfasiri anayekabiliwa na neno moja la kigeni lililobeba yote haya aghalabu huandika mtetemo, kwa kuwa ndilo lililozoeleka katika vitabu vya fizikia, kisha akaendelea na kazi yake. Katika gereji uchaguzi huo hautoshi. Chini ya gari kila neno kati ya haya lina ugonjwa wake, na mwenye kulitumia pasipo pake atanunua kifaa asichokihitaji, na ugonjwa utabaki pale pale.

Hayo yalimfika kijana mmoja wa Ng'ambo, Unguja, aliyerithi gari kwa babake. Lilikuwa Toyota Corolla, aina ambayo mafundi huitaja kwa alama yake ya kiwandani, KE70. Kizazi hicho kilianza kutengenezwa mwaka 1979, na ndicho cha mwisho katika ukoo wa Corolla ambacho magari yake yote yaliendeshwa kwa magurudumu ya nyuma. Marehemu alikuwa mwalimu wa skuli, mtu wa kuandika kila kitu, na gari lile alilitunza kama alivyotunza madaftari yake. Alipofariki aliacha nyumba ya urithi wa watu wengi na gari la urithi wa mtu mmoja. Mjane wake hakuwa na haja nalo ila moja: kupelekwa Makunduchi kila mwezi kumtazama dada yake aliyekuwa hajiwezi.

Kijana alilipenda gari, lakini alikionea haya kimo chake. Machoni pake lilikuwa likenda kama kuku anayevuka tope. Alitaka likae chini, mwili wake ukaribiane na tairi. Wala haikuwa tamaa ya sura peke yake, maana gari lililoshuka uzito wake husogea karibu na ardhi, na katika kona huinama kidogo kuliko lililo juu. Akadunduliza fedha, akaagiza springi nne fupi za kulishusha gari kwa sentimita 4, na kwa jioni mbili yeye na rafiki zake wakalipandisha kwa jeki, wakatoa springi za zamani, wakatia mpya.

Gari likapendeza. Lilitoka mtaani polepole, na watoto wakalifuata. Lilipofika barabara kuu na mwendo ukapita kilomita 60 kwa saa, likaanza kutetemeka. Kwenye 80 kioo cha kutazamia nyuma kilionyesha magari mawili pahala pa moja. Katika safari ya kwanza ya Makunduchi mama alivumilia mpaka Kitogani. Hapo akasema, "Nishushe, mwanangu." Kijana alidhani anataka kununua kitu. Mama akashuka na mkoba wake, akasimama kando ya barabara kungoja daladala. "Gari la baba yako nilikuwa nikisinzia ndani yake," akasema. "Hili sina amani nalo." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma kijana zaidi.

Katika miezi miwili iliyofuata alitumia fedha nyingi kuliko zile alizonunulia springi. Muuza tairi alimwambia tatizo ni tairi, akanunua mbili. Mwenye mashine ya kusawazisha magurudumu alimwambia yasawazishwe, yakasawazishwa mara mbili. Wa tatu akamwuzia shokapu. Kila mmoja alimjibu kwa kile kilichokuwamo dukani mwake, na wala hawakuwa waongo, kwa sababu kila kimoja katika vitu hivyo kinaweza kweli kulitetemesha gari. Lakini yeye alikwenda kwao na neno moja tu, linatetemeka, na neno hilo halikumzuia yeyote kujibu apendavyo. Mwishowe alianza kutafuta mnunuzi wa vyuma chakavu.

Aliyemrudisha nyuma ni fundi mmoja mzee aliyekuwa akilihudumia gari hilo zama za marehemu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Gari la Mwalimu hilo. Lina nini?"

"Linatetemeka."

"Mtu hutetemeka kwa baridi au kwa woga. Gari nalo lina namna zake. Linatikisika, linarindima, au linavuma?"

Kijana hakuwa na jibu.

"Basi tutakwenda barabarani ukalisikilize. Kwanza niambie lilianza lini, na siku hiyo mlifungua nini."

"Tulibadilisha springi tu, fundi."

"Springi haitoki mpaka jirani zake wafunguliwe. Nitajie jirani."

Akamtajia: magurudumu yote manne, shokapu, mikono minne inayoishika ekseli ya nyuma, na fimbo ya ubavuni inayoizuia ekseli hiyo isiende kushoto wala kulia. Fundi akaandika kila kimoja kwa chaki ukutani. Gari lenyewe hakuligusa.

Ili kufahamu kwa nini jirani hao wana neno, yafaa kujua springi yenyewe hufanya nini. Aliyeieleza kanuni yake ni Robert Hooke, mtaalamu wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1635 Freshwater, katika kisiwa cha Wight. Mtoto huyo wa kisiwani alionyesha kwamba springi hukubali kwa kadiri inavyolazimishwa: mzigo ukizidi mara mbili, nayo hudidimia mara mbili. Kanuni hiyo aliitangaza kwanza kwa fumbo, mwaka 1676. Alizichukua herufi 14 za maneno yake ya Kilatini, akazipanga kwa utaratibu wa alfabeti, akazichapisha bila ya maelezo, ili asije mwingine akadai kuwa amemtangulia. Fumbo alilifumbua mwenyewe mwaka 1678. Washairi wa pwani, wanaojua thamani ya kufumba, hawatamshangaa.

Kanuni hiyo ndiyo inayoamua umbo la springi ya kushushia gari. Springi fupi haina budi kuwa ngumu zaidi, kwa kuwa nafasi ya kudidimia imepungua. Tuseme, kwa mfano, springi ya asili hudidimia sentimita 1 kwa kila kilo 20, na mpya kwa kila kilo 30. Mzigo wa kilo 240 utaididimiza ya kwanza kwa sentimita 12, na ya pili kwa sentimita 8. Kwa hiyo, ili gari lishuke sentimita 4, springi mpya yapasa iwe fupi kwa sentimita 8 kabla haijabeba chochote. Mtu asiyepiga hesabu hii hukata mizunguko ya springi ya zamani kwa msumeno, au huilainisha kwa moto, na zote mbili ni hatari: iliyokatwa ncha yake haikai sawa katika kitako chake, na iliyochomwa imekwisha kupoteza nguvu ya kurudi. Kijana hakufanya hayo. Springi zake zilikuwa nzima, zimekaa pahala pake. Kosa halikuwa ndani yake.

Siku ya pili wakatoka na gari asubuhi, barabara ikiwa nyeupe. Fundi aliketi upande wa abiria, kiganja kimoja juu ya dashibodi na kingine chini ya kiti. Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Gurudumu la gari hilo lina mzunguko wa karibu mita 1.8. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, huzunguka kiasi cha mara 12 kwa sekunde. Uwiano wa difu ukiwa 4 kwa 1, propela inayopeleka nguvu nyuma huzunguka mara 49 katika sekunde hiyo hiyo. Mapigo 12 kwa sekunde mkono unayapokea kama mtikisiko. Karibu unaweza kuyahesabu. Mapigo yanayokaribia 100 hayahesabiki. Sikio huyapokea kama mvumo mzito, karibu na sauti ya nyuzi nene za udi. Kwa hiyo kutikisika na kuvuma ni hesabu mbili mbalimbali, na kila hesabu humwelekeza fundi kwenye kifaa chake.

Gari la Mwalimu lilikuwa na zote mbili kwa pamoja. Usukani ulitikisika, na sakafu ikavuma.

Walianza na mtikisiko, kwa kuwa ndio rahisi. Fundi aliyafungua magurudumu ya mbele, akakuta uso wa habu ya kulia una kutu iliyoganda, na rimu imekalia kutu hiyo ikapinda kidogo sana, kiasi cha unene wa karatasi chache. Mashine ya kusawazisha isingeweza kuliona hilo, kwa sababu hulipima gurudumu likiwa limekwisha kutolewa garini. Alisugua kutu kwa brashi ya waya, akarudisha gurudumu, akakaza nati kwa kupishana, hii na inayoikabili, wala si kwa kufuatana. Kisha akailegeza mikono ya ekseli ya nyuma na kuikaza upya gari likiwa limesimama juu ya tairi zake. Vijana walikuwa wameikaza gari likining'inia juu ya jeki, na bushi za mpira zilizomo ndani ya mikono hiyo, gari liliposhushwa, zikabaki zimesokotwa kama nguo inayokamuliwa.

Wakarudi barabarani. Usukani ukatulia kabisa. Mvumo ukabaki, tena sasa ukasikika wazi, kwa kuwa ugonjwa mmoja ulikuwa ukiuficha mwingine. Kijana akataka kwenda haraka kununua propela mpya. Fundi akamwambia, "Tulia. Tumebadilisha mambo mawili na limejibu mara moja. Sasa tutauliza moja moja." Akamwamuru aende 80 kwa gia ya nne, kisha mwendo huo huo kwa gia ya tatu. Injini ilibadilisha sauti, mvumo haukubadilika; basi haukuwa wa injini. Akamwamuru aondoe mguu kwenye mafuta. Mvumo ukapungua. Akamwambia akanyage tena, ukarudi kwa nguvu. Tairi halijui kama dereva amekanyaga mafuta au ameachia, huzunguka tu. Kinachojua ni propela na difu, kwa kuwa nguvu ya injini ikipita hapo huinua pua ya difu, na ikikatika pua hushuka.

Hapa Hooke anarudi tena. Katika kitabu kile kile cha mwaka 1676 alichofichamo fumbo la springi, alieleza pia kiungo cha kupeleka mzunguko kutoka mhimili mmoja hadi mwingine usiolingana nao. Wazo la kiungo hicho hunasibishwa pia na Mwitalia Gerolamo Cardano, aliyeishi karne moja kabla yake, na mafundi wetu hukiita krosi, kwa umbo lake la msalaba. Kiungo hicho kina ajabu moja. Mhimili wa kwanza ukizunguka kwa mwendo ulio sawa, wa pili hauzunguki sawa: huharakisha kidogo, hupunguza kidogo, mara mbili katika kila mzunguko. Pembe baina yao ikiwa nyuzi 2, tofauti ni ndogo mno, karibu asilimia 0.06 juu na chini ya wastani. Ikiwa nyuzi 5, hufika asilimia 0.38. Ni kidogo kwa maandishi, lakini kwa propela inayozunguka mara 49 kwa sekunde ni mapigo 98 ya chuma kizito katika kila sekunde.

Mainjinia waliitibu ajabu hiyo kwa kuweka krosi mbili, moja huku na moja huku, katika pembe zinazolingana. Kile ambacho ya kwanza imekiharakisha, ya pili hukipunguza, na difu hupokea mzunguko uliotulia. Sharti mojawapo ni kwamba pembe mbili zilingane, na tofauti baina yao isizidi kama nyuzi 1. Usawa huo ndio walioukosa wale vijana bila ya kugusa propela hata kwa kidole. Ekseli ya nyuma ya KE70 imeshikwa na mikono minne, miwili juu na miwili chini, isiyolingana kwa urefu wala kwa mwelekeo. Gari liliposhuka, kila mkono ulichora duara lake, na ekseli ikalazimika kujizungusha kidogo ili iwaridhishe wote wanne.

Fundi hakuwa na chombo cha kisasa. Alichukua timazi ya mwashi na kipimapembe cha plastiki kutoka katika mkebe wa hesabu wa mjukuu wake, akalala chini ya gari. Kwa gari lililoshushwa ilimbidi atambae kuliko kawaida. "Mtaka cha mvunguni," akasema, na hakuimaliza methali. Alipima mteremko wa giaboksi, wa propela, na wa pua ya difu, mara tatu kila kimoja. Krosi ya mbele ilikuwa na pembe ya nyuzi 2. Ya nyuma ilikuwa na nyuzi 5, kwa sababu pua ya difu ilikuwa imeinuka kupita kiasi.

Palikuwa na jambo moja zaidi la kuthibitisha. Fundi alitaka kujua kama pembe hiyo ilizaliwa na springi, au ilikuwapo tangu zamani kwa ajali iliyosahaulika. Ilikuwa lazima springi za asili zirudishwe, ijapokuwa kwa siku moja. Kijana akainamisha kichwa. Alikuwa amekwisha kuzitupa jalalani. Alipoeleza hayo nyumbani, mamake aliinuka, akavuta gunia lililokuwa chini ya kitanda chake. Zilikuwamo zote nne. Alikuwa amezirudisha siku ile ile zilipotupwa, wala hakuwa na habari ya pembe wala ya krosi. Vilikuwa vitu vya marehemu.

Zilipofungwa, gari likaenda 80 bila ya kutetema. Nyuzi za nyuma zilikuwa 3, za mbele 3.

Baada ya hapo angeweza mtu kusema kwamba kijana amefundishwa adabu, na kwamba cha wazee hakiguswi. Fundi hakusema hivyo. "Hukukosea kulishusha," alimwambia. "Umebadilisha kimo, pembe hukuziuliza." Waliofuatilia mabishano ya ushairi wa Kiswahili watayapima maneno hayo kwa mizani wanayoijua. Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi *Kichomi* mwaka 1974, kambi mbili zimekuwa zikiulizana kama inajuzu kuondoa vina na mizani. Aghalabu swali huishia kwenye ruhusa: nani aruhusiwe, nani akatazwe. Fundi aliliweka kwingine. Aliyepunguza mizani ameushusha ubeti, na ni haki yake. Lakini pumzi ya msomaji, uzito wa kituo na mwendo wa sauti vilikuwa vikiegemea mizani hiyo. Ubeti ukitetema baadaye, huenda lawama si ya aliyebadilisha kwa kuwa amebadilisha. Ni ya aliyebadilisha kimoja akavisahau vilivyokishikilia.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuacha springi za asili na kuyamaliza. Ya pili, kuagiza mikono ya juu yenye skrubu, inayoweza kurefushwa na kufupishwa, na fimbo ya ubavuni ya namna hiyo hiyo, kwa kuwa gari likishuka fimbo hiyo nayo huisukuma ekseli upande mmoja. Rafiki mmoja alishauri mikono ya zamani ikatwe na kuungwa upya kwa moto. Fundi alikataa kuisikia rai hiyo. Mkono uliounganishwa kienyeji, alisema, ukikatika barabarani haumpi mtu nafasi ya kutubu.

Kijana alichagua ya pili, na alingoja wiki saba mpaka vifaa vikafika. Katika wiki hizo mama alikwenda Makunduchi mara mbili kwa gari lile, likiwa na springi za mumewe, na mara zote mbili alisinzia. Siku ya kufunga vifaa vipya fundi alimpa kijana timazi na kipimapembe, yeye akakaa kando juu ya tairi kuukuu. Kijana alifupisha mikono ya juu kidogo kidogo, akapima, akafupisha tena, akitoka chini ya gari kila mara kulitikisa likae juu ya springi zake kabla ya kupima upya. Ilimchukua siku nzima. Nyuma zilipofika nyuzi 2, sawa na mbele, fundi alikagua kila nati kwa mkono wake, kisha akamwambia aende kumchukua mamake.

Mama alilizunguka gari kwanza. Lilikuwa chini vile vile. Alimtazama fundi, fundi akaitikia kwa kichwa, akaingia. Walipopita Kitogani hakusema kitu. Walipofika Makunduchi, kabla ya kushuka, alifungua kijisanduku cha mbele akatoa daftari la marehemu, ambalo ndani yake kila badiliko la mafuta na kila krosi iliyotiwa grisi vilikuwa vimeandikwa kwa tarehe na bei. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mwezi aliofariki. Akampa mwanawe daftari na kalamu.

"Andika," alimwambia, "ili atakayelichukua baada yako ajue ulilifanya nini."

Kijana akaandika tarehe, kimo, na chini yake pembe mbili: mbele 2, nyuma 2.